Tarehe 14 Oktoba: Siku Ni Moja, Hesabu Ni ya Kila Mtu



 Leo nina ombi dogo. Chukua kalenda, tafuta tarehe yako ya kuzaliwa. Usiishie kuangalia kama mwaka huu imeangukia Jumamosi ili ujue utawaalika marafiki au la. Angalia Kanisa linamkumbuka nani siku hiyo. Angalia nani mwingine alizaliwa, nani alifariki, na nini kilitokea duniani.

Mimi nilifanya hivyo mwaka jana. Sitakudanganya kwamba nilipenda mwenyewe, niliagizwa. Na nilichokikuta kwenye tarehe yangu kilinitoa jasho. Ndilo somo la leo.

Tarehe yangu ni 14 Oktoba.

SIKU AMBAYO NCHI NZIMA INAPUMZIKA

Kwa Mtanzania sina haja ya kueleza sana. Tarehe 14 Oktoba 1999, siku ya Alhamisi, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alifariki katika Hospitali ya St Thomas, London, kwa saratani ya damu. Rais Mkapa ndiye aliyelitangazia taifa. Tangu hapo siku hiyo ni mapumziko, na ndiyo siku Mbio za Mwenge zinapohitimishwa.

Mimi nilizaliwa miaka michache baada ya msiba ule. Kwa hiyo utoto wangu hapa Mbezi Luis, siku yangu ya kuzaliwa ilikuwa na mambo mawili ya uhakika: hakuna shule, na redio ya mama inarusha hotuba za Mwalimu tangu alfajiri. Keki kama ipo inaliwa huku wakubwa wanasimulia walikuwa wapi waliposikia habari za kifo. Watoto wenzangu walinitania kwamba nimezaliwa siku ya kilio. Kuna wakati niliamini kabisa kuwa siku yangu ina mkosi.

Nilipokua nikapata sifa nyingine. Wenzangu wa mtaani, wale wa kutumiana mambo ya nyota kwenye simu, waliniambia nyota yangu ni Mizani, na watu wa Mizani eti wanapenda haki, hawamdhulumu mtu, mikono yao safi. Hiyo niliipokea kwa mikono miwili. Nani asingependa kuambiwa kuwa yeye ni mwaminifu tangu tumboni mwa mama yake?

Shikilia neno hilo, Mizani. Lilikuja kunisuta.

FEDHA ZILIZOKUWA KWENYE SIMU YANGU

Mwaka jana kikundi chetu cha vijana parokiani kilipanga hija ya kwenda Bagamoyo. Tulichagua tarehe 14 Oktoba kwa sababu ni mapumziko, hata wale wanaofanya kazi viwandani na madukani wangeweza kuja. Tulikuwa vijana 26, kila mmoja alichanga shilingi 15,000. Jumla 390,000, yaani gari 250,000 na zinazobaki ni za chakula. Mhazini nilikuwa mimi. Fedha zote zilikuwa kwenye laini yangu ya simu.

Mwishoni mwa Agosti rafiki yangu mmoja akaniambia kuna belo la viatu vya mtumba, anatafuta mtu wa kuchangia mtaji. Tungepanga viatu chini jioni pale watu wanaposhuka kwenye daladala, na ndani ya wiki mbili fedha ingerudi na faida juu. Nilimpa 240,000. Moyoni nilisema sijaiba, nimeazima. Hija ni Oktoba, mimi nitarudisha Septemba. Nani atajua?

Belo likafunguliwa. Jamani! Viatu vingi vilikuwa vimechoka, vingine soli imeachia. Tuliuza tulivyoweza, na mimi nikaambulia 70,000.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Nilikuwa nalala nahesabu: leo ya kumi na mbili, leo ya kumi na tano. Kila simu ilipoita nilidhani ni mwenyekiti anauliza salio. Na siku moja kweli akapiga. Nikapokea kwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Kaka mhazini, si hija yetu inaangukia siku yako ya kuzaliwa?" akaniuliza dada yetu mwenyekiti. "Basi zawadi yako ni kazi. Tukifika Bagamoyo utatupa somo la dakika kumi: tarehe 14 Oktoba katika historia. Nani alizaliwa, nani alikufa, watakatifu gani. Usije na hadithi za nyota, tafadhali."

Nikashusha pumzi. Salio hakuliulizia. Usiku huo nikaanza kusoma.

MHAZINI ALIYERUKA BAHARINI

Mtu wa kwanza niliyekutana naye hakuwa Mwalimu. Fungua kalenda ya liturujia, tarehe 14 Oktoba utakuta: Mtakatifu Kalisto wa Kwanza, Papa na Shahidi. Nilikuwa nimepita kwenye jina hilo miaka yote bila kujua ni nani.

Kalisto aliishi Roma mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3. Alikuwa mtumwa. Bwana wake, Mkristo aitwaye Karpoforo, alimkabidhi fedha aendeshe benki, na waamini, wakiwemo wajane, wakaweka akiba zao kwake. Zile fedha zikapotea. Kalisto alipoona ameshindwa kutoa hesabu, alikimbilia bandarini akapanda meli. Bwana wake akamfuata. Kalisto alipomwona anakuja, akajitupa majini. Wakamwopoa, wakampeleka kusaga kwenye kinu, adhabu ya watumwa wa wakati ule. Baadaye, baada ya ugomvi mwingine mjini, alihukumiwa kwenda kufanya kazi migodini katika kisiwa cha Sardinia.

Niliweka simu chini. Nikasema: huyu ni mimi.

Lazima nikuambie ukweli wote. Anayesimulia mambo haya ni Hipoliti, padre wa Roma aliyekuwa hapatani kabisa na Kalisto, kwa hiyo huenda chumvi imeongezwa. Lakini jambo moja ni wazi: mtu aliyewahi kupoteza fedha za wajane hakuishia pale. Alipoachiliwa kutoka migodini, Papa Zefirini alimwamini tena, akamkabidhi usimamizi wa makaburi ya Wakristo kwenye njia ya Apia. Makaburi yale ya chini ya ardhi mpaka leo mahujaji wanakwenda kuyaona, na yanaitwa kwa jina lake. Yapata mwaka 217, aliyekuwa mtumwa akachaguliwa kuwa Papa.

Alipokuwa Papa walimlaumu kwa nini? Kwamba ni mpole mno kwa wakosefu! Kalisto alifundisha kuwa waliotenda dhambi nzito, wakifanya kitubio, wapokelewe tena katika Kanisa. Hipoliti alikasirika, akajitenga na wafuasi wake. Miaka ikapita, Hipoliti naye akapelekwa uhamishoni kisiwa kile kile cha Sardinia, akafa huko amepatanishwa na Kanisa. Leo wote wawili ni watakatifu. Mmoja tunamkumbuka 14 Oktoba, mwingine 13 Agosti.

Sijui wewe unasomaje habari hizo. Mimi niliona kwamba aliyejua uchungu wa kusamehewa ndiye aliyefungua mlango kwa wengine.

ALIYEZALIWA NA ALIYEFARIKI

Nikaendelea kusoma. Nani alizaliwa tarehe hiyo?

Tarehe 14 Oktoba 1930, katika mji wa Lisala kando ya Mto Kongo, alizaliwa mtoto aliyebatizwa Joseph-Désiré. Alisoma shule za wamisionari, akaingia jeshini, akawa mwandishi wa habari, na tarehe 24 Novemba 1965 akatwaa madaraka ya Kongo kwa nguvu za jeshi. Unamfahamu kwa jina alilojipa baadaye: Mobutu Sese Seko. Alitawala karibu miaka 32. Nchi akaiita Zaire. Akapiga marufuku majina ya ubatizo ya kigeni, na Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga, ilibidi aondoke nchini kwa muda mwaka 1972. Kule Gbadolite, ndani ya msitu, Mobutu alijenga majumba ya kifalme na uwanja wa ndege wenye njia ndefu kiasi cha Concorde kutua. Wananchi wa moja ya nchi zenye madini mengi kuliko zote Afrika wakabaki bila barabara. Mei 1997 akakimbia, na tarehe 7 Septemba mwaka huo akafariki Rabat, Moroko. Alizikwa ugenini.

Sasa weka tarehe hizi pamoja. Siku ile Mwalimu anafariki, Mobutu kama angekuwa hai angekuwa anatimiza miaka 69. Siku ya kuzaliwa ya mmoja ikawa siku ya kufa ya mwingine. Wote wawili walikuwa Wakatoliki, wote walishika nchi kubwa na jirani, moja ng'ambo hii ya Ziwa Tanganyika na moja ng'ambo ile, kwa miaka mingi.

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alibatizwa akiwa kijana wa miaka 21, mwaka 1943, akachagua jina Julius. Alifundisha Mtakatifu Maria kule Tabora, akaenda Edinburgh, akarudi kufundisha Mtakatifu Fransisko pale Pugu, hadi siasa zilipomlazimisha kuacha ualimu mwaka 1955. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaweka miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Mwaka 1985 aling'atuka mwenyewe. Katika miaka yake ya uzeeni aliziweka Injili katika utenzi wa Kiswahili, na kazi hiyo ikachapwa mwaka 1996.

Tusimfanye malaika. Sera zake zilikuwa na maumivu. Watu walihamishwa kwa nguvu kwenda vijijini, wengine walifungwa kwa sheria ya kuwekwa kizuizini. Yeye mwenyewe alikiri kuwa kuna mambo tulikosea. Ndiyo maana Kanisa halina haraka. Tangu mwaka 2005 anaitwa Mtumishi wa Mungu, maana yake maisha yake yote yanachunguzwa, mazuri na mabaya. Lakini hata waliopinga siasa zake ni vigumu kuwasikia wakisema kwamba aliifanya hazina ya nchi kuwa mfuko wa suruali yake.

Hapo ndipo nilipokwama. Mimi nilikuwa nimefanya kitu gani na 240,000? Sikuwa na Gbadolite. Nilikuwa na nusu ya belo la viatu vibovu. Lakini wazo lilikuwa lile lile: fedha iko mkononi mwangu, basi ni yangu kidogo. Sisi vijana tunawasema sana viongozi wanaokula fedha za umma. Tunawasema kwenye daladala, tunawasema mitandaoni. Kumbe ufisadi una shule ya chekechea, na mimi nilikuwa nimeshaandikishwa.

NA KIJANA MMOJA WA MIAKA 19

Kuna jambo la mwisho nililokuta, na hili nakuomba ulikumbuke.

Tarehe 14 Oktoba 2018 ilikuwa Jumapili. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu saba. Wengi walimtazama Oscar Romero, Askofu Mkuu wa San Salvador aliyepigwa risasi altareni mwaka 1980 kwa kuwatetea maskini. Wengine walimtazama Paulo wa Sita, Papa aliyewatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu mwaka 1964, kisha akaja mwenyewe Uganda mwaka 1969. Siku hiyo Papa Fransisko alijifunga mshipi wenye damu ambao Romero alikuwa amevaa alipouawa.

Lakini miongoni mwa wale saba alikuwepo kijana fundi, Nunzio Sulprizio wa Italia. Alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake, naye bibi akafa. Akachukuliwa na mjomba mhunzi aliyemfanyisha kazi za kubeba mizigo mizito, kwa njaa na kwa kipigo. Mguu ukapata kidonda kisichopona. Mwishowe ofisa mmoja wa jeshi kule Naples akamchukua kama mwanae. Nunzio akawa anawatembelea wagonjwa wenzake hospitalini na kuwapa moyo. Alifariki tarehe 5 Mei 1836, ana miaka 19. Alitangazwa mtakatifu wakati maaskofu wako Roma kwenye sinodi iliyohusu vijana.

Sasa angalia alizaliwa lini: 13 Aprili 1817. Tarehe ya Mwalimu Nyerere! Wamepishana miaka 105. Na siku aliyotangazwa mtakatifu ndiyo tarehe aliyofariki Mwalimu. Niliposoma hivyo usiku ule nilisisimka, nikataka kumwamsha kaka yangu.

SASA SIKU INATUAMBIA NINI?

Hapa lazima tuwe makini, maana ni rahisi kuteleza. Mtu anaweza kusema, "Umeona? Tarehe zina siri. Tarehe 14 ina nguvu zake." Hapana. Hebu fikiri vizuri. Kama tarehe ingekuwa na nguvu ya kumtengeneza mtu, basi mimi na Mobutu, tuliozaliwa tarehe moja na kupewa nyota moja ya Mizani, tungekuwa wapenda haki wote wawili. Yeye hakuwa, na mimi mwaka jana sikuwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inatutaka tuachane na utabiri wa nyota, na mimi naongeza sababu yangu ya mtaani: nyota inakupa sifa ambayo hujaifanyia kazi. Ukishasifiwa bure, unaacha kujichunguza.

Wala siku haina mkosi. Katika Biblia yuko mtu aliyeilaani siku yake ya kuzaliwa, Ayubu, katika sura ya 3. Mungu hakumkemea kwa uchungu wake, lakini pia hakuifuta ile siku. Kama unasoma hapa na wewe huwa unaichukia siku uliyozaliwa, labda kwa sababu uliambiwa mimba yako ilikuwa bahati mbaya, au mama alikufa akikuzaa, naomba unisikie: siku haikukosea. Mungu alikutaka.

Tena Maandiko hayana haraka ya kusifu sherehe za kuzaliwa. Farao alifanya karamu ya siku yake, na mwokaji wake akatundikwa. Herode akafanya ya kwake, na Yohane Mbatizaji akakatwa kichwa. Ni sherehe za watu waliodhani siku ni mali yao, na maisha ya wengine pia ni mali yao. Sisemi usikate keki. Kata, na mimi unikaribishe. Nasema angalia siku hiyo inamtukuza nani.

Kanisa limefanya kitu tofauti. Watakatifu wengi linawakumbuka siku waliyofariki au karibu na siku hiyo, na tangu zamani siku hiyo inaitwa siku ya kuzaliwa mbinguni. Wanaosherehekewa kuzaliwa kwao hapa duniani katika kalenda ni watatu tu: Bwana wetu Yesu Kristo tarehe 25 Desemba, Mama Maria tarehe 8 Septemba, na Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni. Sisi wengine tunasubiriwa tumalize. Siku ya kuzaliwa unapewa, hujaifanyia chochote. Siku ya pili ndiyo inayokuja na hesabu: nilikukabidhi nini, na umekifanyia nini? Ndiyo maana Yesu katika Luka 16 anasimulia habari za wakili anayeitwa kutoa hesabu, na katika Mathayo 25 habari za talanta.

Kalisto, Mobutu, Nyerere, Nunzio. Tarehe moja imewapokea wote, kila mmoja kwa namna yake. Tofauti yao haikutoka kwenye kalenda.

DAWA YA DENI

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuungama. Nilikaa foleni saa nzima, mara mbili nikataka kuondoka. Sitasimulia yote, lakini Padre alinikumbusha jambo moja ambalo vijana tunalisahau: dhambi ya kuchukua cha mtu inasamehewa, ila cha mtu kinarudishwa. Zakayo hakuishia kumkaribisha Yesu chakula. Alirudisha. Au kama wanavyosema wahenga, dawa ya deni ni kulipa.

Padre hakunilazimisha kusimama mbele ya watu. Ila mimi niliona kwamba wale vijana 26 wana haki ya kujua fedha yao iko wapi kabla ya siku ya safari. Nilianza na mwenyekiti. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, mimi nilikutetea ulipochaguliwa." Afadhali angenitukana.

Jumapili baada ya Misa nikasimama mbele ya kikundi. Nilitaja kiasi, nilitaja nilichofanya, sikuweka "lakini". Zilikuwepo 150,000 ambazo sikuzigusa, 70,000 za viatu, na 50,000 alizonikopesha kaka yangu. Jumla 270,000. Gari linapatikana, chakula hakuna. Deni langu kwa kikundi lilibaki 120,000, nikaahidi 20,000 kila mwezi.

Wapo waliokasirika, na walikuwa na haki. Dada mmoja anayeuza maandazi asubuhi aliniambia, "Mimi 15,000 yangu niliikusanya wiki tatu. Nimekusamehe. Ila fedha usishike tena." Wote wakakubaliana: uhazini nikaachia siku ile ile, na fedha za kikundi tangu hapo zinasimamiwa na watu watatu, taarifa inasomwa kila mwezi. Huo utaratibu tulitakiwa kuwa nao tangu mwanzo. Kama kikundi chenu fedha ziko kwenye simu ya mtu mmoja, mpendeni mtu huyo, msimwache peke yake na jaribu.

Tarehe 14 Oktoba tukaenda Bagamoyo, kila mtu na chakula chake kutoka nyumbani. Tulipita Goba, tukatokea barabara ya Bagamoyo, rozari inasaliwa ndani ya gari. Pale misheni, mahali ambapo Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuwajengea makao watu waliokombolewa kutoka utumwani, nilitoa somo langu la dakika kumi. Nilipofika kwa Kalisto, mtumwa aliyepoteza fedha za wajane, hakuna aliyecheka. Walijua namzungumzia nani.

Mchana yule dada wa maandazi alikuja akanipa andazi moja. "Heri ya kuzaliwa," akasema, akaenda zake.

Deni nilimaliza Machi, katikati ya Kwaresima. Yupo mwenzetu mmoja ambaye mpaka leo salamu yake kwangu ni fupi. Namwombea, na sijamlaumu. Uaminifu hujengwa polepole, na unabomoka kwa ujumbe mmoja wa simu.

MASWALI YA KUJIULIZA WIKI HII

1. Tarehe yako ya kuzaliwa Kanisa linamkumbuka nani? Msome huyo mtakatifu hadi mwisho, hasa sehemu aliyoanguka.

2. Kuna kitu cha mtu mkononi mwako sasa hivi: fedha, siri, kazi, moyo wa mtu? Ukiitwa leo kutoa hesabu, utasema nini?

3. Kuna kitu unakiita "nimeazima" ambacho mwenyewe hajui kama umeazima?

4. Yuko mtu aliyekukosea akatubu, nawe bado unamkumbusha? Kalisto angemfanyia nini?

SALA

Ee Mungu, mwenye siku zote, asante kwa siku uliyonileta duniani. Sikuichagua, wewe uliichagua. Nisaidie nisijivunie nyota wala nisiogope mkosi, bali nikumbuke kuwa kila nilichonacho nimekabidhiwa. Pale nilipokula cha wengine, nipe ujasiri wa kusema na nguvu ya kurudisha. Na siku ile ya pili itakapofika, unikute nikiwa na hesabu iliyo safi. Mtakatifu Kalisto, utuombee. Mtakatifu Nunzio, utuombee. Amina.

Tukutane somo lijalo, Mungu akipenda. Mpaka hapo, angalia kalenda yako.